Shaba Isiyofika Chini

Jumatatu, 17 Machi. Tuwan, Kitale

Leo mvua imeanza. Ilikuja saa tisa kutoka upande wa Elgon, ikapiga mabati ya Tuwan kwa robo saa, ikaenda zake. Mzee Walubengo alitoka nje ya karakana, akanyoosha kiganja, akasema, "Sasa watatutafuta." Kila mwaka ni hivyo. Wakati wa kiangazi hakuna mtu anayekumbuka radi. Mbingu zikinguruma mara moja tu, walimu wakuu wanaanza kupiga simu.

Naandika kwa sababu mwaka jana nilisahau mengi: tulikwenda wapi, dhoruba ilitupata wapi, barabara ipi ilikatika. Mwaka huu nataka msimu wote uwe ndani ya daftari moja.

Kazi yetu ni kufunga kingaradi, zile ambazo watu wanaziita aresta. Juu ya paa kuna ncha ya shaba. Kutoka pale utepe wa shaba unashuka ukutani, na chini ya ukuta kuna fimbo ya shaba ya futi nane iliyopigwa ardhini. Radi ikija inashuka kwa njia hiyo, inazama. Mzee ndiye fundi. Mimi ni mwanafunzi wake kwa miaka minne na dereva wake, maana haamini tena macho yake barabarani. Pikipiki ni yangu. Yeye anakaa nyuma, shaba inafungwa ubavuni.

Nilipomaliza chuo cha ufundi nilizunguka Kitale na Bungoma miezi saba. Hakuna aliyetaka msichana apande paa lake. Walubengo aliniuliza swali moja tu, "Unaogopa kimo?" Nikasema hapana. Akanipa ngazi.

Alhamisi, 20 Machi

Nyumba moja Kiminini. Mvua asubuhi na jioni. Breki ya nyuma inalia.

Jumatatu, 24 Machi

Hakuna kazi. Nimefua.

Ijumaa, 28 Machi

Mwalimu Ngige wa shule ya msingi ya Kapsengwer, kule juu ya Cheptais, amepiga simu saa mbili asubuhi. Ndiye mwalimu mkuu. Jana mchana radi ilipiga shule. Mpishi wao, mama mmoja anaitwa Peris, amekufa mlangoni pa jikoni. Watoto wawili wa darasa la nne wameungua miguu, wako hospitalini, wataishi.

"Lakini si mlituwekea aresta, Phelista?" akaniuliza. Hakuwa mkali. Alikuwa anauliza kama mtu aliyepotea njia.

Ni kweli tuliiweka. Ni miaka mitatu sasa. Nilikuwa bado mgeni kwenye kazi.

Nilimwambia Mzee. Alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini, akasema, "Radi ni ya Mungu. Hakuna chuma kinachomzuia Mungu."

Nimemfahamu miaka minne. Hajawahi kusema hivyo. Siku zote mzaha wake kwa wahubiri ni kwamba kanisa lenye imani kubwa ndilo linalonunua kingaradi kubwa.

Jumamosi, 29 Machi

Tulikwenda Kapsengwer kutoa pole. Njia ya Kimilili na Chwele, halafu ule mlima wa udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni.

Utepe wetu unashuka karibu sana na mlango wa jikoni. Ukutani kuna alama nyeusi, ndefu kama mkono, kutoka kwenye utepe hadi kwenye fremu ya chuma ya mlango. Radi iliacha njia tuliyoipa, ikarukia mlango. Peris alikuwa ameshika komeo.

Nilitaka kuchungulia chini ya ukuta. Mzee akanishika kiwiko. "Twende. Mvua inakuja." Mbingu zilikuwa nyeupe kabisa.

Jumatatu, 31 Machi

Nimeazima mita kwa Lorraine. Tulisoma naye, sasa anafundisha umeme chuoni Kitale. Mita hiyo inapima kama ardhi inaupokea umeme au inaukataa. Aliponiuliza ni ya nini nilisema ni ya kujifunza.

"Phelista, wewe huwezi kudanganya," akasema, lakini akanipa.

Jumatano, 2 Aprili

Nilimwambia Mzee naenda kwa mama yangu Sirisia. Nikaenda Kapsengwer peke yangu.

Kama fimbo imezama vizuri, mita inasoma namba ndogo, tano, nane, hata kumi. Ilisoma mia nne na kitu. Nikadhani nimekosea waya. Nikafunga upya, nikapima tena, namba ikawa ileile. Nikaomba jembe kwa bawabu wa shule.

Sikuchimba sana. Kiganja kimoja, viganja viwili, nikaona kichwa cha fimbo na kibano kilichoshika utepe. Nikaondoa udongo pembeni kwa vidole. Nikashika ile fimbo ili niitikise, na ikatoka. Ilitoka mkononi mwangu kama muhogo. Urefu wake ni futi moja na nusu. Upande wa chini, mahali panapotakiwa kuwa na ncha kali, palikuwa bapa, na alama za msumeno zinaonekana hadi leo.

Nilikaa kwenye ule udongo. Mwalimu Ngige alikuwa ofisini na wazazi, hakuniona. Watoto walikuwa wanaimba darasani. Shule zinafungwa Ijumaa kwa likizo, walikuwa wamechangamka.

Kingaradi isiyofika chini ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Inaipokea radi kwa mikono miwili, halafu haina mahali pa kuipeleka. Huwezi kusimama karibu na kitu kama hicho. Na sisi tulikiweka jikoni, mahali ambapo mama mmoja husimama kila siku kuanzia saa moja asubuhi.

Nilifungua utepe kutoka kwenye ukuta, hadi mahali mkono wangu ulipofika, nikaukunja. Nikamwambia Mwalimu Ngige, "Mvua ikianza, mtu yeyote asikae jikoni. Jikoni pafungwe." Akauliza kwa nini. Nikasema bado naangalia. Hilo ndilo nililosema: bado naangalia.

Alhamisi, 3 Aprili

Sikwenda kazini.

Ijumaa, 4 Aprili

Nilimkuta Mzee karakanani akinoa patasi. Niliweka ile fimbo mezani mbele yake.

Hakuigusa. Akaendelea kunoa kidogo, kisha akaacha.

"Umetoa wapi?"

"Unajua nimetoa wapi, Mzee."

Akavua miwani. Bila miwani uso wake unakuwa wa mtu mwingine, mzee zaidi. "Kule ni mwamba mtupu, Phelista. Unapiga nyundo, fimbo inakurudishia. Nilianza asubuhi, mpaka saa nane iko palepale. Mabega yangu yalikuwa yameisha. Mwalimu mkuu amesimama, wazazi wamesimama, wananitazama. Ningewaambia nini? Ati Walubengo ameshindwa?"

"Ungeniambia mimi. Tungechimba mfereji, tulaze shaba ndani. Si ulinifundisha wewe mwenyewe?"

"Wewe ulikuwa umekuja juzi. Fundi gani anamwambia mwanafunzi wake kwamba ameshindwa?"

Nikamuuliza ni ngapi.

"Saba."

Alizitaja moja moja. Nikaziandika nyuma ya daftari hili. Zote ni shule za upande wa mlima, kati ya Kapsokwony na Cheptais. Zilizofuata, aliniambia, hata hakujaribu kupiga sana. Akiona jiwe la kwanza ananituma maji, anachukua msumeno. Vile vipande vilivyobaki alivikatakata, hakuvipeleka popote. Viko ndani ya gunia chini ya kitanda chake.

"Nipe hadi shule zifunguliwe," akasema. "Tarehe ishirini na nane. Tuzitengeneze zote saba kwanza. Nikiongea leo watanifunga kesho, na nani atakuonyesha kila fimbo iko wapi? Watoto hawako. Tuna muda. Tukimaliza, nitajipeleka mwenyewe."

Nikakubali.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumemzika Peris leo. Nilikwenda peke yangu.

Mume wake anaitwa Mukhwana, mkulima wa vitunguu, mtu mfupi mwenye mabega mapana. Ana watoto wanne, mdogo bado anabebwa. Aliposimama kuongea hakutazama jeneza. Alimtazama mwanamke mmoja aliyekaa mwisho wa hema, peke yake kwenye benchi. Baadaye niliambiwa ni Fridah, mjane wa kaka yake. Alikuwa amegombana na Peris kuhusu mpaka wa shamba mwezi wa pili.

"Radi haikuji bure," Mukhwana akasema. "Shule iko na aresta. Watu wote wanajua iko na aresta. Sasa hii ilipitaje? Aliyeituma anajijua. Na yuko hapa anakula chakula yangu."

Vijana nyuma yangu wakanguruma. Fridah hakuinua uso. Alikuwa ameshika kitambaa cha mtoto mapajani, anakikunja, anakikunjua.

Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake, na jibu la swali la Mukhwana nilikuwa nalo ndani ya koti. Ile fimbo. Sijui kwa nini nilikuwa nimeichukua tena mezani kwa Mzee. Sikuitoa.

Kuna jambo lingine, na kama siliandiki leo sitaliandika kamwe. Siku ile tulipofunga Kapsengwer, Mzee alinituma nikachote maji ya kuchanganyia simenti. Niliporudi, fimbo ilikuwa imeshazama, na yeye anafukia. Msumeno ulikuwa kwenye nyasi. Unga wa shaba ulikuwa kwenye magoti ya suruali yake, unameta. Niliuona. Nilijua fimbo ya futi nane haizami kwenye mwamba kwa muda wa ndoo mbili za maji. Nilijua, nikaweka ndoo chini, nikauliza simenti iko wapi.

Jumanne, 8 Aprili

Tumeanza na Kapsengwer. Mifereji mitatu, kila mmoja hatua ishirini, imetawanyika kama mguu wa kuku. Ndani yake shaba, mkaa uliosagwa, udongo mweusi kutoka bondeni. Wazazi kumi na mmoja walikuja na majembe. Tuliuhamishia utepe upande wa pili wa jengo. Tumewaambia ni marekebisho. Mita: tisa.

Wanatushukuru. Mama mmoja alituletea ndizi mbivu.

Jumamosi, 12 Aprili

Shule ya pili imekwisha. Mzee alichimba hadi nikamnyang'anya sururu.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua ya mawe. Mahindi ya watu yamelala. Tumekaa siku nzima ndani ya stoo ya shule, mimi na yeye.

Alhamisi, 17 Aprili

Tumemaliza ya nne. Tulikuwa tunashuka kuelekea Chwele, saa nane mchana, Mzee nyuma yangu na fimbo mbili mpya zimefungwa ubavuni. Mbele yetu wingu lilikuwa limekaa chini kabisa, rangi ya jivu la mkaa.

Mwanga ukapiga. Nikahesabu, kama alivyonifundisha mwenyewe. Nilifika kumi na tatu kabla mlio haujafika. Hesabu ikiwa chini ya thelathini hakuna tena kuendesha, unaacha kila kitu. Mwanga wa pili, nikafika saba.

Nilisimamisha pikipiki kando ya barabara. Hapakuwa na nyumba. Mbele kulikuwa na miti ya mikaratusi mitano, mirefu, na chini yake bodaboda tatu na abiria wao, wamejibana wote kama kuku. Mzee alishuka akaelekea kule kule. Miaka thelathini ya kazi hii, na miguu yake ikaenda kwenye mti! Nilimshika koti, nikamvuta mpaka kwenye shamba lililokuwa chini ya barabara, mahali pa bonde kidogo, mbali na seng'enge. Tukachuchumaa, miguu pamoja, mikono masikioni.

Niliwapigia kelele wale vijana. "Tokeni kwa mti! Tokeni!"

"Dada, si utalowa bure!" mmoja akajibu, wakacheka.

Mvua ilikuja kama mtu amemwaga karai. Mwanga na mlio vikawa kitu kimoja. Nilihisi nywele za mikono zikisimama ndani ya koti, nikajua sasa ni sisi. Radi ikapiga ng'ambo ya kilima. Sikuona ilipiga nini. Udongo ulitikisika chini ya viatu vyangu.

Mzee alikuwa ameweka mkono begani kwangu. Akaniinamia sikioni.

"Yule mama alikuwa na watoto wangapi?"

"Wanne."

Tulichuchumaa pale nusu saa. Miti haikupigwa. Wale vijana walipotupita baadaye walitupigia honi na kucheka, wakiwa wakavu, na sisi tumejaa matope hadi shingoni. Ndivyo ilivyo. Anayekosea haadhibiwi kila mara, ndiyo maana anarudia.

Jumamosi, 19 Aprili

Mwalimu Ngige amepiga simu. Nyumba ya Fridah imechomwa leo saa nne asubuhi, mchana peupe, watu wakitazama. Yeye na mtoto wake walitoka kwa mlango wa nyuma. Wako kwa padri wa Chwele. Mbuzi wawili wameungua.

"Phelista? Uko kwa laini?"

Nilikuwepo. Nilikuwa nimeketi kwenye kitanda na simu sikioni.

Siku kumi na nne zimepita tangu mazishi. Kila moja ya siku hizo nilikuwa na nafasi ya kusema.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nilikwenda kwa Mzee baada ya ibada. Anaishi peke yake tangu mkewe afariki. Alikuwa anakula. Nikamwambia kuhusu Fridah.

"Zimebaki shule tatu," akasema.

"Tatu nitazimaliza mimi. Lorraine ataleta wanafunzi wake tuchimbe. Mzee, wamemchomea nyumba. Mara ijayo hawatangoja atoke."

Aliweka tonge la ugali sahanini. Alinawa mikono, kila kidole, polepole. Kisha akainama, akavuta gunia kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa zito, lilipiga kelele kwenye simenti.

"Jumanne," akasema. "Mwambie Ngige aite watu. Na chifu awepo."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya kumsukuma. Sikuyahitaji. Nilimsaidia kulisogeza gunia hadi mlangoni, na nilipomtazama sikumwona mwongo wala sikumwona mwalimu wangu. Niliona mzee aliyechoka.

Jumanne, 22 Aprili

Watu kama sitini, kwenye uwanja wa Kapsengwer. Chifu alikaa kwenye kiti, Mwalimu Ngige kando yake. Mukhwana alisimama mbele na mtoto mdogo mgongoni, amefungwa kwa leso ya mama yake. Fridah hakuja. Angewezaje?

Mzee alikataa kiti. Alimwaga gunia kwenye nyasi. Vipande vya shaba vikatawanyika, vingine vina ncha, vingine viko bapa pande zote mbili.

"Mimi ni Walubengo," akasema. "Ndiye niliyewafungia aresta. Hizi ni fimbo zenu. Zilitakiwa ziwe chini ya ardhi. Mwamba ulinishinda, nikazikata, nikafukia kipande kifupi, nikawaambia kazi imekwisha. Radi ilipokuja haikupata njia. Ikamrukia Mama Peris. Hakuna mtu aliyeituma. Hakuna. Ni mimi."

Hakuna aliyesogea. Mtoto mgongoni kwa Mukhwana alikuwa anacheza na ukosi wa shati la baba yake.

Nikatoka mbele kabla sijaogopa. "Nami siku hiyo niliona msumeno," nikasema. "Nilijua, nikanyamaza. Na siku ya mazishi nilikuwa hapa, nikanyamaza tena."

Kijana mmoja akaokota kipande cha shaba akamjia Mzee. Mukhwana akamzuia kwa mkono. Alimsogelea Mzee hadi wakawa wanapumuliana. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mzee. Nakuuliza kitu moja tu. Hiyo fimbo ingekuwa nzima, mke wangu angekuwa hai?"

Hili ni swali ambalo hakuna fundi duniani anayeweza kulijibu. Kingaradi nzuri hupunguza hatari, haiimalizi. Radi nyingine ni kubwa, hupita popote. Peris alikuwa ameshika komeo la chuma. Labda angeishi, labda asingeishi. Mzee analijua hilo. Yeye ndiye aliyenifundisha.

"Angekuwa hai," Mzee akasema.

Mukhwana akakaa chini, palepale kwenye nyasi, mtoto akiwa bado mgongoni. Akavua kofia akajifunika uso nayo. Wanawake wakaanza kulia, kilio kipya, kana kwamba Peris amekufa leo.

Chifu aliandika maneno yetu. Akasema Mzee atapelekwa kituoni, kisha Bungoma. Wakati wanangoja gari nilikaa naye kwenye ngazi za darasa.

"Mzee, kwa nini ulimjibu vile? Hatujui."

"Nikisema sijui," akasema, "kesho watarudi kwa yule mama."

Jumamosi, 26 Aprili

Shule ya saba imekwisha. Lorraine alikuja na wanafunzi wanane. Hakuniuliza chochote, alichimba tu. Mita: sita.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa. Mvua saa nane hadi saa kumi na moja. Nilikaa na simu mapajani. Hakuna aliyepiga.

Ijumaa, 9 Mei

Polisi wameandika ushahidi wangu. Nitaitwa mahakamani. Mzee hakuomba dhamana.

Kazi imepungua. Watu wawili wa Kitale waliokuwa wameniahidi nyumba zao hawapokei simu. Siwalaumu.

Alhamisi, 15 Mei

Mwalimu Ngige amepiga. Radi imepiga Kapsengwer leo saa saba na nusu, madarasa yamejaa. Watoto walipiga kelele, mmoja alizimia kwa hofu, akaamka. Udongo juu ya mfereji mmoja umetoa moshi. Hakuna aliyeumia.

Akaniambia pia kwamba Fridah amerudi. Mukhwana hajamwomba msamaha. Lakini asubuhi moja alikuja na nguzo mbili begani, akaanza kuchimba mashimo ya nyumba mpya, bila kumsalimia. Akarudi kesho yake, na kesho yake tena.

Jumapili, 25 Mei

Homa. Nimelala.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda Bungoma kumwona Mzee rumande. Amekonda, lakini ameketi wima. Nilimwambia habari ya tarehe kumi na tano, jinsi ardhi ilivyoipokea radi. Nilidhani atafurahi. Akatazama mikono yake.

"Phelista. Kuna ya nane."

Sikuelewa.

"Zahanati. Kule chini, karibu na Lwakhakha. Wodi ya akina mama wanaojifungua. Ilikuwa kabla ya hizi zote. Ndiyo ya kwanza."

"Mzee, ulisema saba."

"Najua nilisema."

Nikajaribu kukumbuka ile sehemu. Nimepita mara nyingi. "Lakini kule ni karibu na mto. Kuna mwamba gani?"

"Hakuna mwamba. Ni udongo wa mto, laini."

"Basi kwa nini?"

Askari alikuwa anagonga ufunguo kwenye meza, muda umekwisha. Mzee aliongea haraka, akitazama chini. "Wingu lilikuwa linakuja. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kuondoka kabla ya mvua. Hayo tu. Halafu miaka ikapita, hakuna kitu kilichotokea. Nilipofika kwa mwamba, mkono ulikuwa umeshazoea."

"Kwa nini hukuniambia mwezi wa nne?"

"Nilitaka wewe ubaki na ule mwamba," akasema. Wakamwondoa.

Mwezi mzima nimewaambia watu, na kujiambia mwenyewe, kwamba mzee wangu alishindwa na jiwe.

Jumatano, 4 Juni. Lwakhakha

Niliondoka Kitale saa kumi na mbili asubuhi na fimbo moja mpya, nyundo, mita. Muuguzi wa zahanati anaitwa Hawo, dada mpole mwenye hijabu ya kijani. Nilimweleza kila kitu mlangoni, kabla hajanikaribisha. Aliingia ndani, nikamsikia akiwahamisha akina mama watatu na vichanga vyao kwenda chumba cha mbali na ukuta ule. Kisha akatoka na jembe.

"Nionyeshe pa kuchimba," akasema.

Kipande kilikuwa kifupi kuliko vyote. Futi moja. Nikakitupa nyuma yangu.

Ng'ambo, upande wa Uganda, wingu lilikuwa limeshajengeka, mwanga ukiwaka ndani yake. Nilihesabu hadi hamsini kabla ya mlio. Nikasimamisha fimbo, Hawo akaishika kwa mikono miwili hadi iliposhika udongo, akaiachia. Nikapiga.

Ilizama kama kisu kwenye ndizi. Nyundo thelathini na moja, nilizihesabu. Futi nane zote. Nilifunga kibano, nikapima: nne. Nikafukia, nikakanyaga udongo kwa kiatu, nikafunga nyundo kwenye pikipiki.

Mvua ilikuwa bado haijavuka mto.